Sotoka haikujiondokea yenyewe

Wafugaji vijana wengi hawajawahi kumwona ng'ombe mwenye sotoka. Sifa ya kuutokomeza ugonjwa huo ni ya watu wa mifugo.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa huo ulifyeka mifugo ya Wamaasai, njaa ikafuata. Kinga ilikuja kupatikana Muguga, Kenya, ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo kwa kudhoofisha virusi katika seli za figo za ndama. Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na alistahili.

Lakini chanjo ile iliharibika upesi kwa joto. Mabwana mifugo walilazimika kuibeba kwenye barafu, juani, hadi maboma yasiyofikiwa na gari, kisha kukamata ng'ombe wakali mmoja baada ya mwingine. Ilipopatikana chanjo inayostahimili joto, wafugaji wenyewe walifunzwa kuchanja, huko Karamoja, Uganda, na kusini mwa Sudan ya wakati huo. Hao ndio waliojua mifugo imehamia wapi!

Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Waliobeba yale masanduku ya barafu waandikwe nao, maadamu baadhi yao wangali hai.