Nani anashika usukani saa tisa usiku?

Wadau, nilikuwa kimya kidogo. Wale mlioniuliza kama nilifika salama kutoka kwenye zile mbio, jibu ni ndiyo, nilifika, na miguu ndiyo kwanza inaanza kunisamehe. Ila leo miguu tuiache. Nina neno kuhusu usukani.

Kwa asiyezijua, Hood to Coast ni mbio za kupokezana za jimbo la Oregon, Marekani. Zilianza mwaka 1982 zikiwa na timu 8 tu, leo zinavuta maelfu ya wakimbiaji. Zinaanzia Timberline Lodge, ubavuni mwa Mlima Hood, zinapita Portland, zinaishia Seaside, kwenye mchanga wa Bahari ya Pasifiki. Ni kama kilomita 320, yaani pungufu kidogo ya Dar mpaka Tanga. Timu ya kawaida ina watu 12 ndani ya magari mawili. Njia imekatwa vipande 36, kila mtu anakimbia mara tatu. Usiku ukiingia hakuna kusimama: unavaa kizibao kinachong'aa, unawasha taa, unaendelea.

Sisi tulikuwa kundi la marafiki, Wabongo wengi na Wakenya watatu. Wengine tulikuwa hatujawahi kukimbia zaidi ya kufukuzia daladala. Tulichangishana hela, tukakodi magari, tukapika pilau ya kutosha kijiji. Nakiri sijawahi kucheka vile maishani. Ukitaka kumjua rafiki yako, kaa naye ndani ya gari lenye soksi mbichi za watu sita!

Sasa sikilizeni kilichonitoa usingizini, na nasema hivyo kwa maana yake kamili.

Mimi nilikuwa gari la pili. Ijumaa tuliamka wote saa kumi alfajiri, tukapanda mlimani kumsindikiza mkimbiaji wetu wa kwanza. Tukakimbia zamu yetu ya kwanza mchana, tukarudi barabarani usiku, kwenye vilima vya upande wa pwani. Kule ni giza, vumbi, na simu haishiki. Mimi nilikimbia saa tano usiku. Mwenzetu aliyekuwa dereva naye alikimbia zamu yake, akafuta jasho, akarudi kwenye usukani. Saa tisa tulipokabidhi kwa gari la kwanza, ilibidi tutangulie kwenye kituo cha mbele tukajinyooshe kidogo. Mimi nilikaa kiti cha mbele. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumpigisha dereva stori.

Nililala. Nilizinduka kwa kelele za dada mmoja wa kiti cha nyuma. Matairi ya kulia yalikuwa nje ya lami, yanakwaruza kokoto, na miti iko hapo hapo. Dereva alishtuka, akaturudisha barabarani. Hakuna aliyeumia. Kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno. Kisha akasema, "Nipo fiti, jamani." Na sisi, watu wazima watano, tukamwitikia, "Sawa kaka." Tukaendelea!

Hilo "sawa kaka" ndilo linaloninyima raha mpaka leo. Yule bwana alikuwa macho kwa karibu saa 23. Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 24 utendaji wake unashuka sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.10 kwenye damu. Hicho ni zaidi ya kiwango cha 0.08 kinachokufikisha mahakamani Oregon. Angekuwa amelewa tungempokonya funguo, na angetutukana tu. Kwa kuwa alikuwa amechoka kwa ajili yetu, tuliona aibu kumwambia.

Maoni yangu ni haya: kila gari liwe na dereva asiyekimbia, aliyelala vizuri, na timu isiyoweza kumpata isiende. Najua mtakachosema. Gharama inaongezeka, kiti kinapungua, na watu wengi wamekimbia miaka na miaka wakipokezana usukani bila tatizo. Ni kweli, na sisi pia hatukupata tatizo. Tulipata bahati, na bahati si mpango. Gharama ya mtu wa ziada tukigawana kumi na wawili ni ndogo kuliko viatu tulivyonunua kwa mbwembwe.

Wengine watasema urafiki ni kuvumiliana. Hapo ndipo tunapokosea. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na uchovu ni maradhi tunayoyafichiana kwa jina la urafiki. Rafiki ni yule dada aliyepiga kelele. Mimi niliyekuwa kiti cha mbele nilikuwa abiria tu.

Na hili si la Oregon peke yake. Nyumbani mabasi yalizuiwa kusafiri usiku kwa takriban miaka 30 kwa sababu ya ajali, mpaka ruhusa iliporudi mwaka 2023. Tunapenda kumlaumu dereva wa basi akisinzia. Lakini ni wangapi tumetoka harusini au msibani mkoani alfajiri, dereva ni binamu aliyekesha na sisi, nasi nyuma tunakoroma?

Tulimaliza Jumamosi mchana. Wote 12 tulivuka mstari pamoja, mchanga unachoma, mawimbi yanavuma, tukapiga picha tumeshikana mabega. Kila nikiitazama naanza kuhesabu vichwa. Wako kumi na wawili. Nahesabu tena.

Nahodha ameshaanza kuuliza nani yumo safari ijayo. Nimemjibu kwamba nimo, ila sikimbii. Nitalala mchana kutwa, mnicheke mkipenda, na saa tisa usiku funguo nitakuwa nazo mimi.

Je, wewe gari lenu usiku anaendesha nani? Tuko pamoja.