Ziara ya Arusha Isiishie Kwenye Picha

Kila likizo inapokaribia, vyama vya wanafunzi katika shule na vyuo vyetu huanza kupanga ziara za kimasomo nje ya nchi, na Arusha haikosi kutajwa. Basi huvuka Namanga na jioni huwa limekwisha kuwasili. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Bunge na Mahakama yake. Ziara hizi mimi naziunga mkono. Hata hivyo, ratiba chache nilizobahatika kuziona zilimtengea mwanafunzi saa moja ya kutembezwa kumbini na siku nzima mbugani. Mwanafunzi wa namna hiyo hurudi na picha tele, asijue hata kesi moja iliyopata kuamuliwa huko.

Nasi Wakenya tunayo kesi iliyo yetu hasa. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa sahihi mwaka 1999, kinalitaka bunge la kila nchi kuchagua wawakilishi 9 ambao si wabunge wake. Mwaka 2006, wawakilishi wetu hawakupigiwa kura bungeni. Majina yaliyotoka vyamani yalipitishwa na kamati tu, kisha yakapelekwa Arusha. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake wakashtaki. Novemba mwaka huo Mahakama ikazuia watu hao 9 wasiapishwe, na Machi 2007 ikaamua kwamba uchaguzi, kwa maana ya Mkataba, haukufanyika.

Kabla hata ya hukumu hiyo, Desemba 2006, wakuu wa nchi waliharakisha kuurekebisha Mkataba. Mahakama ikagawanywa katika ngazi mbili, na sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa. Mawakili wa kanda hii wakayapinga marekebisho hayo. Mwaka 2008 Mahakama ikakiri kwamba wananchi hawakushirikishwa, lakini haikuyatangua.

Mwanafunzi aliyeyasoma haya kabla ya kupanda basi hatamuuliza mwenyeji wake ukumbi una viti vingapi. Atataka kujua jaji ana uhuru gani iwapo wale anaowahukumu ndio wawezao kumwondoa. Pengine atauliza pia kwa nini wawakilishi hao bado huchaguliwa na wabunge badala ya wananchi. Maswali hayo huenda yakamkera mwenyeji, na mwalimu asimkataze mwanafunzi kuyauliza.

Lipo pia suala la fedha, ambalo walimu wakuu wengi hawapendi kulizungumza. Ziara ikitozwa ada, huenda mtoto wa mwenye nacho, na mwenzake mwerevu hubaki darasani. Kesi niliyoieleza haihitaji nauli. Yaweza kufundishwa katika shule yoyote kwa muda wa vipindi viwili. Isitoshe, Bunge la Afrika Mashariki lina desturi ya kufanyia baadhi ya vikao vyake katika nchi wanachama. Litakapokuja Nairobi tena, waliokosa nauli ya Arusha ndio wawe wa kwanza kupelekwa kulisikiliza.