Barcelona Si Kwenda Kutembea: Mwenye Kwenda kwa Jina Letu Ajitayarishe



Kila mwaka, mwisho wa Februari ao mwanzo wa Machi, dunia ya simu inakusanyikaga Barcelona, kule Hispania. Maonyesho yanaitwa Mobile World Congress. Yanatayarishwa na GSMA, muungano wa makampuni ya simu ya dunia nzima, na yako Barcelona toka 2006. Mwaka 2025 watu karibu 109 000 waliingia, kwa siku nne tu. Wenye kutengeneza antena, betri, simu na programu za kutuma feza wanakuwaga pale. Orange, yenye inatuuzia mega hapa kwetu, inawekaga kibanda kikubwa. Mawaziri wa nchi mingi wanaenda pia.

Na sisi? Tunaingia kwa mlango gani?

Tuanze na kitu chenye kila mtu anajua. Ndani ya simu kuna vipande vidogo vya kushika umeme vyenye vinatengenezwa na tantali, na tantali inatoka katika koltani. Ndani ya betri kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Ni vigumu kutembea katika maonyesho yale bila kupita mbele ya kitu chenye kiko na jasho la Masisi ao la Kolwezi ndani. Lakini jasho halipewi baji. Mwenye kupewa baji ni yule anaenda kwa jina letu. Njo maana tuko na haki ya kuuliza anaenda kufanya nini.

Sisi tunasema hivi: maonyesho kama yale, mtu hayashindi akiwa kule. Anayashinda ao anayapoteza hapa nyumbani, miezi mbele ya ndege kuruka.

Mwenye hajui vile inaendaga anafikiri unafika, unatembea, unakutana na mtu mkubwa, munasaini. Hapana. Mkubwa wa kampuni ya antena, ratiba yake ya siku nne inajaa wiki mingi mbele. Nusu saa kwa huyu, nusu saa kwa yule. Kama hukumwandikia mapema, utapewa karatasi ya matangazo na kalamu, mtu wa mapokezi atakuchekea vizuri, basi. Nchi zenye zinajua kazi hii zinachagua mambo mawili ao matatu ya kutafuta. Zinaomba mikutano. Zinachagua makampuni yao machanga na kuyazoeza kueleza kazi yao kwa dakika tatu. Wakirudi nyumbani, wiki ile ile wanamwandikia kila mtu waliyeonana naye, kwani mwenye ameonana na watu mia tatu hatakumbuka sura yako mpaka Pasaka.

Kwetu, ujumbe ukienda katika mikutano mikubwa ya inje, tunaonaga picha. Kikundi kimesimama mbele ya mataa, baji kwenye shingo. Kisha kimya. Nani alienda? Nani alilipa? Walionana na nani? Walirudi na nini? Mkubwa akijibu « tumeshiriki », hilo si jibu. Hata mwenye kupotea njia akaingia ndani ameshiriki.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Hakuna hata moja lenye linaomba bajeti mpya.

Kwanza, orodha. Majina ya wote wenye wanaenda kwa feza ya serikali yatangazwe miezi miwili mbele, pamoja na kazi ya kila mmoja na bei ya safari yake. Mwenye hana kazi ya kufanya kule abakie.

Pili, malengo yaandikwe. Sisi tunapendekeza mawili: bei ya mega na mtandao wa vijijini, kisha swali la asili ya madini. Desemba 2024, mawakili wa serikali yetu walipeleka mashtaka Ufaransa na Ubelgiji juu ya matawi ya Apple, kuhusu madini ya mashariki. Apple ilikana. Sawa, hayo ni mambo ya korti. Lakini kama serikali inaweza kuuliza kortini, iulize pia mezani, mbele ya wenye kununua, wenye wako chini ya paa moja kwa siku nne.

Tatu, ripoti. Siku thelathini kisha kurudi, tujue walionana na nani, waliahidiana nini na nani anafuatilia.

Ya nne, nafasi za vijana. Katika maonyesho kuna sehemu ya makampuni machanga yenye inaitwa 4YFN, ilianza 2014. Pale njo fasi yetu. Vijana wachaguliwe kwa mashindano ya wazi, na majina ya wenye kuchagua yajulikane. Isiwe kwa simu ya mjomba.

Kuna mwenye atasema: nchi iko na vita, watu wanalala chini ya mahema, na nyinyi munazungumza maonyesho ya simu? Tunamsikia. Lakini vita hii na zile simu haviko mbali. Toka Aprili 2024 machimbo ya koltani ya Rubaya yako mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kama koltani ya pale inavukishwa mpaka kwa magendo kwenda Rwanda, na kule inachanganywa na ya kwao. Rwanda inakana. Na toka 2022, GSMA inafanya pia maonyesho ya Afrika, Kigali, saa chache kwa barabara kutoka Goma. Vijana wengi wanatuuliza kama kwenda kule ni kusaliti. Sisi tunajibu: kwenda si kusaliti. Kusaliti ni kuingia pale, kushika simu mpya mkononi, kuisifu, na kutoka bila kuuliza madini yake yametoka wapi. Swali lile liulizwe Kigali, liulizwe Barcelona, liulizwe kila fasi yenye simu inaonyeshwa.

Sasa tusiishie kwa wakubwa. Sisi pia tujitayarishe, juu siku mlango utafunguka, tusianze kutafuta kalamu.

Mwenye anataka kwenda aanze na pasipoti, leo. Viza ya Schengen inaombwa mpaka miezi sita mbele ya safari. Bei yake ni euro 90 toka Juni 2024, na wakikukatalia hawazirudishi. Faili inapelekwa Kinshasa, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025 wakati vita iliingia mjini. Kwa kijana wa Goma, safari ya Barcelona inaanza na safari nyingine ndefu ndani ya nchi yake mwenyewe. Kama mashindano ya vijana hayahesabu gharama hii, basi ni mashindano ya vijana wa Kinshasa tu, na tuseme vile wazi.

Fasi ya kulala itafutwe mapema, kwani bei za hoteli zinapanda sana siku zile. Hesabu metro, lakini usiitegemee peke yake: mwaka 2016 wafanyakazi wa metro waligoma katikati ya maonyesho. Viatu viwe vile vyenye miguu inavijua. Uwanja ule uko na mita za mraba zaidi ya 240 000, na kati ya mkutano wa saa nne na wa saa tano unaweza kutembea kilomita. Ubebe betri ya kuchajia, kwani simu ikizima, baji, ramani na ratiba vinazima nayo. Ukule asubuhi. Maneno ya kazi yako uyajue kwa Kiingereza, sentensi mbili tu: shida gani unatatua, na unaomba nini. Jioni, mbele ya kulala, andika jina la kila mtu uliyeonana naye na kile mulichosema. Mwenye anaandika vile siku nne, anarudi na kazi. Mwenye hakuandika anarudi na kalamu za matangazo.

Na mwenye hataenda asikae kimya. Tunakumbuka RAM. Mwaka 2020 serikali ilianza kukata initi zetu kwa jina la kuandikisha simu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu kubwa. Mama muuza ndizi alikatwa, na shomeri mwenye diplome alikatwa pia. Watu wakauliza: feza hii inaenda wapi? Waliuliza sokoni, bungeni, mitandaoni na barabarani, mpaka wakubwa wakachoka kusikia. Mwanzo wa 2022 RAM ikaondolewa. Haikuondolewa na huruma. Iliondolewa na swali lenye lilikataa kunyamaza.

Basi kila mmoja wetu aulize tena. Andikia mbunge wako. Andika chini ya picha ya ujumbe, kwa heshima lakini wazi: muko wangapi, munalipiwa na nani, munatafuta nini, ripoti itatoka siku gani? Tuulize mbele ya ndege kuruka. Ikisharuka, itabakia picha tu.

Kongo ni yetu, na jina lake halibebwi na mwenye kwenda kutembea.