Alkani za Daftarini na Petroli ya Barabarani

Mwanafunzi wa sekondari aanzapo kusoma kemia ya kaboni hukutana mapema na ukoo wa alkani: methani, ethani, propani, butani na kuendelea. Huyakariri majina hayo, huandika kanuni yao ya jumla, CnH2n+2, kisha hupata alama zake katika mtihani. Baada ya hapo elimu hiyo hufungiwa daftarini. Hasara ya kuifungia huko haionekani shuleni, huonekana barabarani.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka mjini Morogoro. Watu walikusanyika kuchota mafuta yaliyomwagika, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Misiba ya namna hiyo ilikwisha kutokea Sachang'wan, nchini Kenya, mwaka 2009, na Sange, mashariki mwa Kongo, mwaka 2010. Umaskini una sehemu yake katika misiba hiyo, wala hakuna somo la kemia litakalouondoa. Hata hivyo, mtu aliyezoea mafuta ya taa nyumbani aweza kudhani kwamba petroli ina tabia hiyo hiyo. Ni ndugu kweli, lakini tabia zao ni mbalimbali.

Sababu imo katika umbo la molekuli. Katika alkani kila atomi ya kaboni ina vifungo vinne, ama na kaboni wenzake ama na haidrojeni. Vifungo hivyo ni imara. Lakini mvutano baina ya molekuli moja na nyingine ni hafifu, nao huongezeka kadiri mnyororo wa kaboni unavyorefuka, kwa kuwa molekuli ndefu hugusana mahali pengi zaidi. Ndiyo maana methani, yenye kaboni moja, huchemka kwenye digrii 162 za Sentigredi chini ya sifuri. Pentani, yenye kaboni tano, huchemka kwenye digrii 36. Na oktani, yenye nane, kwenye digrii 126. Minyororo yenye kaboni zaidi ya ishirini hugandamana, ikawa nta ya mshumaa.

Petroli ni mchanganyiko wa alkani na haidrokaboni nyinginezo, zenye kaboni 4 hadi 12 hivi. Mafuta ya taa yana kaboni 10 hadi 16 hivi. Tofauti hiyo ndogo ya hesabu ni kubwa kwa uhai. Mafuta ya taa kwa kawaida hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la digrii 38 au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi ya kugandisha maji. Tena mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukafuata mitaro, ukaufikia moto ulio mbali na dimbwi lenyewe. Anayechota haoni kitu, kumbe amekwisha kuzingirwa. Na petroli kidogo ikichanganywa katika mafuta ya koroboi, hatari hiyo huingia nyumbani.

Watakuwapo watakaosema kwamba muhtasari wa masomo umekwisha kujaa, na kwamba shule nyingi hazina maabara. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haihusu jambo hili. Hapahitajiwi chombo chochote, wala haifai kamwe kuleta petroli darasani. Jedwali la viwango vya kuchemka limo vitabuni tayari. Kinachohitajiwa ni swali jingine: badala ya mtahini kuuliza majina kumi ya kwanza ya alkani, na aulize kwa nini mtu asimame mbali na petroli iliyomwagika hata kama haoni moto karibu.

Mwanafunzi awezaye kulijibu swali hilo atalieleza nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Siku lori litakapopinduka kijijini kwake, huenda akawa ndiye wa kwanza kuwarudisha watu nyuma.