Siku ya yenga, mchimbaji aende wapi?

Kwetu Kolwezi watu wangali wanasema siku ya posho, ijapokuwa kompani iliyokuwa inapimia familia unga na samaki iliacha zamani. Jina limebaki, posho imeenda. Kesho yake inafika siku ya yenga. Baba aliyetoka poste ya usiku analala, batoto wanamuzunguka: «Papa, leo tunaenda wapi?» Ulizo hilo tunalisikia Kapata, tunalisikia Musonoi, tunalisikia Luilu. Sisi tunaona ni ulizo la siasa, sawa na lile la mshahara.

Tuanze na barabara. Kutoka Kolwezi kufika Likasi ni kama kilometre 180. Kutoka Likasi kufika Lubumbashi ni kama 120. Ukitazama karata, ni safari ya siku moja: unaondoka mbele ya jua, unasalimia ndugu huko Likasi katikati ya vilima, munakula bukari pamoja, magaribi uko kwako. Kumbe haiko vile. Njia ni ile moja tu, RN1, yenye kubeba shaba na kobalti kuelekea Kasumbalesa, na yenye kurudisha asidi, chokaa, mafuta na mashine. Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa inapita juu ya magurudumu, mbele ya milango yetu. Reli haina tena nguvu yake ya zamani. Siku hizi tunasikia sana jina la Lobito, lakini behewa zinazotajwa ni za shaba. Za familia, hatujasikia bado.

Tulijaribu. Tulikuwa watu sita ndani ya taxi-bus, na bidon moja ya maji. Tulipokwisha kupita Fungurume tulikuta kamyo imelala katikati ya njia, na nyuma yake mustari wa kamyo zingine ambao hatukuona mwisho wake. Tulingoja mpaka batoto wakamaliza maji. Tulifika Likasi bukari imekwisha kupoa, na kurudi usiku shofere alikataa. Alikuwa na haki: usiku kamyo iliyoharibika haina taa, na wenyeji wanaweka tu matawi ya miti barabarani kuonyesha hatari. Tulilala huko. Kesho yake mwenzetu mmoja alikosa poste yake, na siku hiyo ilikatwa kwenye mshahara. Matembezi ya siku moja yalimugharimu mara mbili.

Halafu kuna bei. Watu sita, kwenda na kurudi, ni nafasi kumi na mbili za kulipa, na mwenye gari anaingiza peaje humo ndani. Tunalipia barabara ambayo kamyo zinaivunja.

Basi tutafute karibu. Milima? Batoto wetu wengi wanaonyesha kidole wanasema «mulima», na kumbe ni rundo la udongo uliotolewa shimoni. Kilima cha kweli, ukikisogelea, utakuta bariyeri na mulinzi: ni konsesyo. Ndugu zetu wa Lubumbashi wana Kundelungu, mbuga ya taifa tangu 1970, na maporomoko ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya metre 300. Lakini muulize nani kati yao amefika. Siku moja haitoshi, na wakati wa mvua hata gari ya nguvu inashindwa.

Sisi tuna Nzilo. Ziwa lile lilifanywa na bwawa la Lualaba miaka ya 1950, juu ya umeme wa machimbo, na liko karibu na muji: asubui unaenda, magaribi unarudi, na haupiti katikati ya kamyo zote za RN1. Kuna upepo, kuna samaki mubichi, kuna maji mapana ambayo mtoto wa kambi anaweza kuyaona bila bariyeri. Kinachokosekana ni njia nzuri, choo safi, kivuli, mtu wa kulinda batoto majini, na bisi ya siku ya yenga yenye bei moja inayojulikana.

Franga zitatoka wapi? Kodi ya mine (redevance) inagawanywa na sheria ya 2018: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani wenye machimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kila kompani inapashwa kutoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake, isipungue, kwa maendeleo ya wakaaji wa pembeni. Wakati wa kuandika orodha ya maombi, watu wanataja shule, kisima, dispansere. Wana haki. Mama mmoja alitujibu wazi: «Maji ya kunywa hatuna, weye unatafuta maji ya kutazama?» Hatukuweza kumukatalia.

Lakini bisi moja na choo mbili haziwezi kuzuia kisima. Na mtu anayeshuka shimoni siku sita, akikaa ya saba kwenye kinywaji kwa sababu hakuna pengine pa kwenda, nyumba yake nayo inalipa. Tunaomba sendika na bakubwa wa mitaa waandike Nzilo kwenye orodha inayofuata, chini ya kisima kama ni lazima, lakini waiandike. Kwa wenye kwenda mbele ya hapo: beba maji mengi, patana bei ya kurudi mbele ya kupanda, na usiache mtoto aingie ziwani peke yake.