Usingizi si uvivu, na takwimu zisitumiwe kutunyima

Mkubwa mmoja wa kazi, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliwahi kutukusanya sisi wafanyakazi wake na kutuambia kwamba utafiti wa Marekani umethibitisha kuwa watu waliosoma hulala kidogo. Kwa hivyo, akasema, anayetaka kuhesabiwa miongoni mwa wasomi na aripoti kazini saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa mbili, tena aache kulalamika kuhusu usingizi.

Baadhi yetu tulicheka. Hakuna aliyeuliza swali. Dada aliyeketi kando yangu, ambaye tayari alikuwa akiamka saa kumi alfajiri ili apande matatu kabla ya msongamano wa magari, aliinamisha kichwa tu. Mimi pia nilinyamaza, na hilo ndilo linalonisukuma kuandika leo. Utafiti alioutaja upo, lakini hausemi alichodai.

Mnamo 1990, wanauchumi wawili wa Marekani, Jeff Biddle na Daniel Hamermesh, walichapisha uchunguzi kuhusu usingizi, kazi na mishahara. Walitumia habari za Wamarekani walioeleza katika miaka ya 1975 na 1976 jinsi walivyotumia muda wao. Takwimu za watu 706 kati ya hao zimekuwa zikitumiwa vyuoni kuwafunza wanafunzi jinsi ya kupima madai. Kwa wastani, watu hao walilala dakika 3,266 kwa wiki, yaani karibu saa 7 na dakika 47 kila usiku.

Njia inayotumika kuchambua habari kama hizo huitwa rigresheni ya vigezo vingi. Jina ni zito lakini kazi yake ni nyepesi kueleza. Daktari akiletewa mgonjwa wa kichwa ambaye hunywa pombe, hakesha haba na macho yake ni mabovu, hawezi kulaumu pombe pekee. Ni lazima atenganishe mchango wa kila jambo. Rigresheni hufanya vivyo hivyo kwa mamia ya watu kwa pamoja. Huuliza: tukilinganisha watu wa umri mmoja na elimu sawa, je, anayefanya kazi zaidi hulala kidogo?

Jibu la hesabu hiyo ni kwamba kila dakika ya ziada ya kazi iliandamana na upungufu wa dakika 0.148 za usingizi. Kila mwaka wa ziada shuleni uliandamana na upungufu wa dakika 11.13 kwa wiki. Nao umri uliongeza dakika 2.20 kwa wiki kwa kila mwaka.

Mkubwa wetu aliishia hapo kwenye elimu, akafunga kitabu. Lakini mwanatakwimu aliye mwaminifu haishii hapo. Yeye hufanya kama hakimu. Mahakamani, mshukiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi ushahidi utakapomlemea. Katika takwimu pia, tunaanza kwa kudhani kwamba jambo halina uhusiano wowote na usingizi, kisha tunauliza iwapo ushahidi una nguvu ya kutosha kuivunja dhana hiyo.

Nguvu hiyo hupimwa kwa kugawanya kadirio kwa kiwango chake cha kuyumba, maana tungechagua watu wengine 706 jibu lingebadilika kidogo. Kwa kazi, kiwango hicho ni 0.017. Gawanya 0.148 kwa 0.017 upate karibu 8.7. Mpaka unaotumiwa na wengi ni 1.96. Kazi imepatikana na hatia bila shaka yoyote.

Sasa elimu. Gawanya 11.13 kwa 5.88 upate 1.89, ambayo haifiki 1.96. Kwa lugha nyingine, ukweli unaweza kuwa popote kati ya upungufu wa karibu dakika 23 kwa wiki na ongezeko dogo lisilofika nusu dakika. Sufuri imo humo ndani. Umri nao ulipata 1.52 tu. Kwa kipimo hicho, hakuna hata mmoja kati ya hawa wawili anayeweza kuhukumiwa akiwa peke yake.

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kusema kwamba elimu na umri havina maana. Kuna kipimo kingine kinachowashtaki washukiwa wawili kwa pamoja. Elimu na umri vikiwemo, hesabu inaeleza asilimia 11.3 ya tofauti za usingizi baina ya watu. Vikiondolewa, inaeleza asilimia 10.3. Pengo hilo likipimwa linatoa 3.96, ilhali mpaka ni 3.00. Basi wakiwa pamoja wanapatikana na hatia! Hapana kinaya hapo. Shahidi mmoja mwenye mashaka hatoshi, lakini mashahidi wawili wanaoelekea upande mmoja wanaweza kumshawishi hakimu. Ndiyo sababu si haki kumtoa mmoja wao na kumtembeza mjini kama kwamba amethibitisha kila kitu.

Tuseme basi dai la elimu ni kweli kabisa. Aliyesoma miaka minne zaidi angelala pungufu kwa dakika 44 na ushei kwa wiki, ambazo ni kama dakika sita kwa usiku. Dakika sita! Mkubwa wetu alitaka saa mbili kila asubuhi. Jambo linaweza kuwa la kweli na bado likawa dogo, na hili ndilo husahaulika mno katika habari za afya magazetini.

Isitoshe, utafiti uleule unamshtaki yeye mwenyewe. Ukiongeza saa mbili za kazi kwa siku, siku tano kwa wiki, hizo ni dakika 600. Zidisha kwa 0.148 upate karibu dakika 89. Kwa hesabu hiyo, amri yake inaandamana na upungufu wa karibu saa moja na nusu ya usingizi kila wiki. Na elimu na umri vikiondolewa kwenye hesabu, kadirio la kazi linasogea kutoka 0.148 hadi 0.151 tu. Ushahidi dhidi ya saa ndefu za kazi haukuyumba.

Je, usingizi na mshahara vina uhusiano gani? Hapa pia tuwe waangalifu. Wanauchumi Matthew Gibson na Jeffrey Shrader, katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018, walitumia saa za machweo huko Marekani, kwa kuwa jua likichelewa kutua watu huchelewa kulala. Walikadiria kwamba mahali ambapo watu hulala saa moja zaidi kwa wiki, mapato huongezeka kwa asilimia 1.1 kwa muda mfupi na asilimia 5 kwa muda mrefu.

Lakini mwaka wa 2021 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wafanyakazi 452 wa kipato cha chini mjini Chennai, India. Walisaidiwa kulala karibu dakika 27 zaidi kwa usiku, na utendaji wao kazini haukuonekana kubadilika. Kilichosaidia ni usingizi mfupi wa mchana kazini, mahali patulivu. Wengi wao walikuwa wakilala usiku kwa kukatizwa-katizwa, penye joto na kelele. Yeyote aliyewahi kupanga chumba kando ya barabara ya Nairobi au karibu na kilabu anaelewa mara moja. Dakika za kitandani si lazima ziwe dakika za kupumzika.

Kwa maoni yangu, funzo kwetu ni mara mbili. Kwanza, usingizi haupungui kwa sababu watu wetu ni wasomi au wavivu. Unaibwa na saa za kazi, na kwa wakazi wa mijini lazima tuongeze safari ya kwenda na kurudi. Kwa akina mama kuna kazi nyingine isiyolipwa. Uchunguzi wa matumizi ya muda uliofanywa na Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba wanawake wa Kenya hutumia karibu saa nne na nusu kwa siku katika kazi za nyumbani na malezi, ilhali wanaume hawafikishi saa moja. Mwajiri anayeongeza saa mbili kazini hamwondolei mama huyo saa mbili za kupika na kufua. Anamwondolea usingizi.

Pili, tujifunze kuuliza. Ukiambiwa kwamba utafiti umethibitisha jambo, uliza ni watu wangapi waliochunguzwa, na wa wapi. Uliza kadirio linaweza kuyumba kiasi gani, na iwapo sufuri imo ndani. Uliza ukubwa wake kwa dakika au kwa shilingi. Uliza ni mambo gani mengine yaliyopimwa pamoja nalo, na mangapi yalijaribiwa kabla ya hilo moja kutangazwa. Ukijaribu mambo 20 yasiyo na maana yoyote kwa kipimo hiki, kwa wastani moja litafaulu kwa bahati tu.

Madaktari wa usingizi wa Marekani walikubaliana mwaka wa 2015 kwamba mtu mzima ahitaji angalau saa saba kwa usiku kwa afya yake. Kupungukiwa mara kwa mara huandamana na shinikizo la damu, kisukari, unene na ajali.

Dada yule wa kando yangu hakuhitaji kuambiwa asome zaidi ili alale kidogo. Alihitaji mtu mmoja chumbani mle ainue mkono na kuuliza. Siku nyingine nitauinua.