Neno la Mkutanoni Lisemwe Mkutanoni

Ndugu mkulima, ukisimama katika soko la Nyakoe siku moja baada ya mkutano wa chama cha kahawa, utasikia mkutano wa pili. Walionyamaza jana leo wana maneno mengi: mizani ni mbovu, halmashauri imekula, malipo hayakulingana. Jana mwenyekiti aliuliza kama kuna swali, wakatazama chini. Nasema wazi kwamba mkutano huu wa pili ndio unaoharibu chama, maana hauna karani wa kuandika wala kura ya kupigwa.

Wapo wanaosema kubishana ni utovu wa adabu, hasa mbele ya wazee. Lakini kahawa yenyewe ya Kisii ilizaliwa katika mabishano. Walowezi wa Kizungu walipinga Waafrika kuipanda, wakisema magonjwa yataenea hadi mashamba yao. Katika miaka ya 1930 Serikali ya kikoloni ikaruhusu ipandwe kwa majaribio Kisii, Meru na Embu, mbali na walowezi hao. Na hapa Gusii penyewe wengi waliogopa kwamba shamba likistawi Mzungu atalichukua. Hawakuwa wajinga, walijua yaliyotokea kwingine. Hofu ilipungua walipoona waliotangulia, kama Chifu Musa Nyandusi, wanavuna na ardhi ingali yao.

Mabishano yenye faida yana hesabu. Kwa kawaida kilo 6 au 7 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 ya kahawa safi. Basi kama kiwanda kilipokea kilo 70,000 za mbivu, kahawa safi yapasa iwe kilo 10,000 au zaidi. Ikisomwa 7,000, simama uulize kilo nyingine zilikwenda wapi. Huenda jibu lipo: mbivu ilichanganywa na mbichi, au mvua iliharibu iliyoanikwa. Mwenyekiti mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika mtazameni vizuri. Lakini ukisema, "Ninyi ni wezi, ninyi na ukoo wenu," umempa nafasi ya kujibu habari za ukoo na kuziacha zile kilo.

Tena kila mwanachama ana kura moja, awe na miti 50 au 500. Ila mama anayechuma kahawa na kuibeba mpaka kwenye mizani mara nyingi si mwanachama, kwa sababu shamba limeandikwa jina la mumewe. Hivyo mkutano hukosa shahidi aliye bora kuliko wote.

Ninyi wa skimu za Borabu, ambao wazee wenu walihamia huko katika miaka ya 1960, mwajua mabishano yakikosa mlango huenda wapi. Mwaka 2005 tulipiga kura juu ya Katiba, ndizi kwa chungwa. Upande wa Serikali, wenye ndizi, ulishindwa, ukakubali. Lakini uchaguzi wa Desemba 2007 ulipobishaniwa, upande uliolalamika ulikataa kwenda mahakamani kwa kuwa haukuwa na imani na mahakama. Maneno yakaingia barabarani, na mapema mwaka 2008 nyumba zikachomwa mpakani mwa Borabu na Sotik. Nchini kote watu zaidi ya 1,000 walikufa.

Chama cha kahawa, au cha maziwa, ni kitu kidogo kando ya hayo, lakini nacho chahitaji mlango unaoaminiwa. Kwa hiyo halmashauri na ibandike hesabu ukutani mwa kiwanda juma moja kabla ya mkutano, ili watu wapate kuzisoma na kuulizana nyumbani. Nawe njoo na risiti zako za mizani. Ukishindwa kwa kura, taka pingamizi lako liandikwe kitabuni, kisha kesho yake peleka kahawa kiwandani kama kawaida. Kitabu hicho kitasomwa tena mwakani, kabla ya neno jingine lolote.